Nani Alikuwa wa Kwanza Hapa? Historia ya Mimea na Wanyama wa Kasese na Bwera



Mwulize mtoto wa Kasese au wa Bwera akutajie wanyama wa kwao, naye atakutajia simba, tembo na kiboko bila kusita. Kisha mwulize amewaona wapi. Mmoja atasema kwenye kalenda, mwingine kwenye dirisha la basi la Mbarara, na wa tatu atasema kwenye shamba la mahindi la babu yake, usiku ule tembo walipoingia. Hao ndio wanyama wa kwao, lakini historia yao haijui, na wala hatumlaumu, kwani na sisi wakubwa wengi wetu hatukufundishwa.

Tumeona tuiandike leo kwa sababu kila panapozuka ugomvi wa ardhi katika wilaya hii, kila upande hudai kwamba wao ndio waliotangulia. Wenye hifadhi husema hii ni nyika ya asili, mali ya wanyama tangu zamani. Wafugaji wa Kisongora husema hapa palikuwa malisho ya ng'ombe wao. Wakonzo husema mlima ni wao na tambarare iliyo chini yake pia. Wavuvi nao wanasema ziwa lina watu tangu enzi za mababu. Tukiifuata historia taratibu, tutaona kwamba nyika hii imebadilisha wenyewe mara nyingi kuliko tunavyodhani, na kwamba pori tunaloliita la asili, sehemu yake kubwa, lina umri mdogo.

MLIMA NA MAJI YAKE

Tuanze juu, maana huku kwetu karibu kila kitu huanzia juu. Jina Rwenzori limetokana na Rwenzururu, yaani mahali pa theluji, na kilele chake cha Margherita kina urefu wa mita 5,109. Maji yanayotiririka upande wa Kasese, kama yale ya Mto Nyamwamba, huingia Ziwa George, hupita mfereji wa Kazinga mpaka Ziwa Edward, hutoka kwa Mto Semliki, huzunguka nyuma ya mlima upande wa Kongo, humwagika Ziwa Albert, na hapo huwa ni Naili. Kwa hiyo tone la mvua lililoanguka Kilembe linaweza, likijaaliwa, kufika Misri na kuingia Bahari ya Mediterania.

Watu wa bahari ile walilijua jambo hili kwa kusikia. Ptolemy wa Aleksandria, katika karne ya 2, aliandika kwamba Naili hutokana na theluji ya Milima ya Mwezi. Wanajiografia Waislamu waliipokea habari hiyo wakaiendeleza: al-Khwarizmi, yule yule wa hisabu za aljebra, aliitaja milima hiyo katika kitabu chake cha sura ya ardhi cha mwaka 833 hivi, na al-Idrisi akaichora katika ramani aliyoikamilisha Sisili mwaka 1154. Wataalamu bado wanabishana kama milima iliyokusudiwa ni Rwenzori au ni mingine ya Afrika Mashariki. Sisi hatuingii katika ubishi huo. Linalotupendeza ni kwamba miaka mia kadhaa kabla ya Mzungu yeyote kuuona mlima huu, mwanafunzi wa Baghdad au Palermo aliweza kuwekea kidole mahali kwenye ramani akasema: maji yanatoka huku.

Liko jambo jingine linalotuunganisha na bahari ile, na hili ni la mmea. Katika pwani za Mediterania, kuanzia Hispania hadi Uturuki, huota kichaka kiitwacho erika, chenye majani kama sindano na maua madogo meupe. Mafundi wa huko huchonga viko vya kuvutia tumbaku kutokana na shina lake la chini, kwa kuwa haliungui upesi. Erika huyo huyo yupo Rwenzori. Kule ni kichaka cha vilima vikavu vya joto. Huku, pamoja na ndugu zake wa jamii moja, ni mti unaoweza kupita mita 10, umefunikwa kuvu na kuning'inia ndevu za miti, miguu yake ikiwa ndani ya tope. Wachunguzi wa nasaba za mimea wanaona kwamba aina hii ilitokea Afrika ndipo ikaenea kaskazini.

Anayepanda kutoka Nyakalengija au Kilembe huacha mashamba ya kahawa, akaingia msitu wa mbega na sokwe, kisha mianzi, kisha erika, na juu ya mita 4,000 hukuta mimea inayoonekana kama imetoka katika ndoto: lobelia zilizosimama kama minara na senesio zenye vichwa vya kabichi juu ya magogo. Mchana kule ni kama kiangazi na usiku ni barafu, kila siku ya mwaka. Senesio hufunga majani yake usiku kulikinga chipukizi lililo katikati, na majani makavu hayadondoki, bali huvisha shina kama blanketi.

Katika misitu ya chini yake yupo shorobo wa Rwenzori, ndege mwenye mabawa mekundu, na kinyonga wa pembe tatu. Wote wawili, katika vitabu vya kisayansi, wamepewa jina la Sir Harry Johnston, aliyekuwa Kamishna Maalumu wa Uingereza hapa Uganda kuanzia 1899 hadi 1901. Lobelia ile kubwa imepewa jina la Wollaston, Mwingereza aliyefika na msafara wa makumbusho ya Uingereza mwaka 1905 na 1906. Mtawala wa Abruzzi kutoka Italia alifika kileleni mwaka 1906 na vilele vikapata majina ya familia za kifalme za Ulaya. Wakonzo waliobeba mizigo yao, waliowaonyesha njia, na waliokuwa na majina yao wenyewe ya kila ndege na kila mti, hawakupewa hata kinyonga. Bibi na babu waliobaki Kyarumba, Ihandiro au Kitholhu bado wanayo mengi ya majina hayo. Vijana wenye simu za kurekodi wasisubiri.

Barafu yenyewe inakwisha. Mwaka 1906 ilifunika kilomita za mraba zipatazo 6.5, na kufikia mwaka 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja. Mwaka 2012 moto uliunguza mimea ya juu ya mita 4,000, mahali ambapo wazee hawakuzoea kusikia habari ya moto.

CHUMVI, NG'OMBE NA NYUA ZA MNYAA

Sasa tushuke. Tambarare baina ya mlima na maziwa ilijulikana kwa jina la Busongora, na mali yake ilikuwa mbili: ng'ombe na chumvi. Ziwa Katwe ni shimo la volkeno lisilo na mto unaotoka; maji hukauka juani na chumvi hubaki. Watu wameichimba kwa karne nyingi, wakasafirisha kwa mitumbwi na vichwani hadi nchi za mbali, na kila mfalme aliyekuwa na nguvu aliitamani. Kabalega wa Bunyoro aliishika. Stanley alipita Katwe mwaka 1889. Lugard alipofika mwaka 1891 jambo alilolifanya mapema ni kujenga ngome hapo Katwe, akaiita Fort George.

Hapa historia inatugusa sisi kwa namna ya pekee. Kutoka Katwe Lugard aliendelea hadi Kavalli, karibu na Ziwa Albert, akawachukua askari wa Kisudani walioachwa na Emin Pasha, chini ya Selim Bey, pamoja na wake, watoto na wafuasi wao, maelfu ya watu. Wengine aliwaweka katika ngome za Toro. Hao walikuwa Waislamu, na kizazi chao ndicho tunachokiita Wanubi. Kwa hiyo miongoni mwa Waislamu wa mwanzo kuishi katika nchi hii ya magharibi walikuwamo wanajeshi waliochoka na familia zao.

Tambarare hiyo haikuwa pori tupu. Ilikuwa imelishwa na ng'ombe na kuchomwa moto kila mwaka ili majani mapya yaote. Ule mti wa utomvu mweupe unaosimama kama kinara cha mishumaa, jamaa mkubwa wa mnyaa, ambao leo watalii huupiga picha kuwa ni alama ya nyika, wafugaji wa nchi hizi waliuzoea kama ua wa boma: tawi lililochomekwa ardhini huota, na hakuna fisi anayependa kupenya katikati yake. Utomvu wake ukiingia jichoni ni hatari, watoto waonywe. Basi unapouona mti huo nyikani usiseme kwa haraka kwamba hapa hapakuwa na mtu.

Ng'ombe waliondokaje? Kwanza kwa vita na uporaji wa falme za jirani. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1890, ikaja sotoka. Maradhi haya yaliingia Afrika kupitia Pembe ya Afrika na ng'ombe walioletwa na majeshi ya Ulaya, yakateremka kusini kwa kasi, yakaua ng'ombe wengi kupita kiasi, na nyati pia. Mfugaji aliyelala tajiri aliamka maskini.

Na tazameni jinsi jambo moja linavyozaa jingine. Ng'ombe walipokwisha hakukuwa na wa kulisha majani wala wa kuchoma moto, vichaka vikaota. Katika vichaka mbung'o hupata kivuli. Malale ikafuata. Kwenye Ziwa Viktoria na visiwa vyake iliua watu zaidi ya 200,000 katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, na serikali ya kikoloni ikaamuru watu wahame mwambao. Amri kama hiyo ilifika pia kwenye Ziwa Edward na Ziwa George. Watu wakaondolewa, wengine wakapanda vilimani, nyumba zikaanguka. Wanyama walipona sotoka upesi kuliko wafugaji, wakaikuta nchi haina mtu, wakaijaza.

Sisi tunalihesabu hilo kuwa ndilo tukio kubwa kuliko yote katika historia ya wanyama wa Kasese, ingawa vibao vya watalii havilitaji sana.

HIFADHI

Waliokuja baadaye na kuona makundi ya nyati na viboko katika nchi isiyo na watu walidhani wameiona Afrika ilivyoumbwa. Ng'ambo ya ziwa Wabelgiji walitangaza hifadhi ya Albert mwaka 1925, hifadhi ya taifa ya kwanza katika Afrika, ambayo leo ni Virunga. Upande wetu palitengwa kwanza mapori ya akiba, na mwaka 1952 ikatangazwa Hifadhi ya Taifa ya Kazinga. Miaka miwili baadaye Malkia wa Uingereza alizuru, ikapewa jina lake. Idi Amin akaibadilisha ikaitwa Ruwenzori, na baadaye jina la Malkia likarudi. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 1,978, na ndege wake ni zaidi ya aina 600, wakiwamo heroe wanaoshuka katika ziwa dogo la Munyanyange karibu na Katwe. Vijiji vya wavuvi kama Katwe, Hamukungu, Kasenyi, Kahendero na Kayanja vikabaki ndani au ukingoni mwake, vimezungukwa. Mlima nao ulitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1991, na mwaka 1994 ukaingia katika orodha ya urithi wa dunia. Kasese kwa hiyo imebanwa: hifadhi juu, hifadhi chini, na katikati reli iliyofika mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Mji wenyewe ulizaliwa na reli hiyo, na Kiswahili kilishamiri katika migodi, kambi za jeshi na soko la mpakani pale Mpondwe. Uchafu wa shaba ile nao umeacha sehemu za tambarare ambazo majani hayaoti hadi leo.

Hata wataalamu waligundua mapema kwamba nyika hii haijiendeshi yenyewe kama saa. Katika miaka ya 1950 viboko waliongezeka hata wakaimaliza nyasi karibu na maji, ardhi ikabaki vumbi. Kati ya 1957 na 1967 wakuu wa hifadhi wakaamuru wapunguzwe, wakapigwa risasi kwa maelfu. Majani yakarudi, na wanyama wengine pamoja nayo. Hebu fikirini mkulima aliyekuwa akifungwa kwa kumuua kiboko mmoja alilionaje jambo hilo.

Kisha ikaja zamu ya tembo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walihesabiwa wapatao 4,000. Katika machafuko ya mwisho wa utawala wa Amin na vita ya mwaka 1979, askari wenye bunduki na wafanyabiashara wa pembe waliwamaliza, hata mwaka 1980 wakabaki kiasi cha 150. Waliosalimika wengine walivuka kwenda Kongo, na Kongo ilipochafuka walirudi. Tembo hana pasipoti. Huenda palipo na usalama, sawa na watu wa Bwera na Kasindi ambao wamekuwa wakikimbiliana huku na huku kila vita inapozuka.

Tembo ni mkata miti. Alipopungua, miiba ikapanda. Kichaka kiitwacho kwa jina la kitaalamu dikrostakisi, ambacho ni mwenyeji wa Afrika, na lantana aliyeletwa kutoka Amerika kama ua la bustani, vimefunga sehemu kubwa ambazo zamani kobu, yule swala aliyemo katika nembo ya taifa, walikuwa wakilisha. Mnyama akikosa majani ndani atayafuata nje, na simba humfuata nyuma. Mtu wa kijijini huamka akakuta nyayo.

Vita vya waasi wa ADF vilipoanza Mpondwe mwaka 1996, mlima nao ukawa mahali pa hofu, na hifadhi ya Rwenzori ilifungwa kuanzia 1997 hadi 2001. Wabeba mizigo wa Nyakalengija walikaa miaka hiyo bila kazi.

HAMUKUNGU

Mwaka 2006 Wasongora waliokuwa wakilisha upande wa Kongo, ndani ya Virunga, walifukuzwa na ng'ombe wao. Wakavuka mpaka wakaingia moja kwa moja katika hifadhi ya Malkia. Kwa wenye hifadhi huo ulikuwa uvamizi. Kwao wao walikuwa wamerudi nyumbani, katika nyika ile ile ambayo sotoka na malale viliwaondoa babu zao. Mwaka 2007 serikali ikawagawia sehemu ya ardhi za umma wilayani, wakagawana na wakulima wa Kikonzo, na minong'ono ya mgao ule haijakoma.

Hamukungu ni kijiji cha wavuvi na wafugaji kando ya Ziwa George. Aprili 2018 simba 11 walikutwa wamekufa hapo karibu, majike 3 na watoto 8, ikashukiwa kuwa waliwekewa sumu. Dunia nzima iliandika. Machi 2021 wengine 6 walikutwa wamekufa Ishasha, kusini mwa hifadhi, kule ambako simba hupanda mikuyu. Mkuyu ni ndugu wa mtini, mti ambao Qur'ani imeuapia; matawi yake mapana ya kulala ndiyo yanayowavutia wale simba, pamoja na upepo na kuepukana na inzi.

Hatumtetei aliyeweka sumu. Sumu haichagui: hula simba, hula tai, hula mbwa wa jirani, na mtoto anaweza kuigusa. Lakini pia hatukubaliani na wale waliowaita watu wa Hamukungu washenzi. Ng'ombe mmoja ndiye ada ya shule, ndiye dawa ya hospitali, ndiye mahari. Sheria inatoa asilimia 20 ya viingilio vya watalii kwa jamii zinazopakana na hifadhi, ambayo hujenga darasa au zahanati, lakini haimrudishii mtu fahali wake. Sheria mpya ya wanyamapori ya mwaka 2019 ndiyo iliyoweka kwa mara ya kwanza utaratibu wa fidia kwa mtu aliyeuawa, aliyejeruhiwa au aliyeharibiwa mali na baadhi ya wanyama. Kabla ya hapo, zaidi ya miaka 60 baada ya hifadhi kutangazwa, mwenye hasara alipewa pole.

Wazazi wenye nafasi wawapeleke watoto Katwe wakaone vidimbwi vya chumvi na heroe. Ni karibu, na wachimbaji hupenda kuulizwa maswali. Hapo hapo wataona mabaki ya kiwanda kikubwa cha chumvi ambacho mabomba yake yaliliwa na maji yale ya chumvi kabla hakijaleta faida, wakati kina mama na kina baba wenye miti na mabeseni wanaendelea kuvuna.

Katika hifadhi hii aliishi simba dume ambaye watafiti walimwita Jacob. Mwaka 2020 mtego wa chuma ulimkosesha mguu mmoja wa nyuma, akabaki na mitatu. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, kamera ya kuruka iliyokuwa ikiona joto la miili ilimpiga picha, yeye na ndugu yake Tibu, wakiogelea kuvuka mfereji wa Kazinga wenye viboko na mamba. Walijaribu mara kadhaa wakarudishwa, kisha wakafaulu, mwendo wa zaidi ya kilomita moja majini. Watafiti waliomfuatilia walieleza sababu waliyoiona kuwa kubwa kuliko zote: upande aliotoka simba majike walikuwa wamebaki wachache mno, na wale waliokuwepo walikuwa wanagombaniwa.